Umbali wa Angani na Saa za Mgonjwa: Hesabu ya Rufaa kutoka Bariadi hadi Mwanza na Dar es Salaam

Utangulizi

Mgonjwa anapopewa rufaa kutoka Bariadi, ndugu wanaomsindikiza huuliza swali moja kabla ya mengine yote: kwa ndege ni muda gani? Ni swali la haki. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, una watu zaidi ya milioni mbili kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022. Wengi wao ni wakulima wa pamba na wafugaji, na hospitali ya rufaa ya kanda inayowahudumia, Bugando, iko jijini Mwanza. Familia inapoamini kwamba ndege ndiyo itakayookoa maisha ya mtu wao, huwa tayari kuuza ng'ombe, na pengine kumsubirisha mgonjwa mpaka fedha zipatikane.

Jibu la haraka la swali hilo ni "dakika ishirini na kitu". Kwa rubani jibu hilo ni sahihi. Kwa mgonjwa linaweza kuwa la kupotosha, na upotofu huo una gharama ya maisha. Makala hii inaeleza namna ya kukadiria umbali wa angani na muda wa kuruka, namna ya kugeuza muda huo kuwa saa halisi za mgonjwa, na mabadiliko yanayoupata mwili ndege inapopaa. Imeandikwa kwa ajili ya watumishi wa afya wanaoandika rufaa, na pia kwa wagonjwa na ndugu wanaopaswa kuamua pamoja nao.

Namna ya kupima umbali wa angani

Umbali wa angani ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaounganisha sehemu mbili juu ya uso wa dunia. Barabara hufuata madaraja, vijiji na vilima. Mstari wa angani haujali hayo. Karibu na ikweta, ambako Simiyu ipo, hesabu yake ni nyepesi, kwa kuwa nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zote zina urefu wa takriban kilomita 111.

Mji wa Bariadi uko karibu na nyuzi 2.80 kusini mwa ikweta na nyuzi 33.98 mashariki. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko karibu na nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 0.36, sawa na kilomita 40. Tofauti ya longitudo ni 1.05, sawa na kilomita 117. Pande hizo mbili zinafanya pembe mraba, na mstari wa angani ni upande wa tatu wa pembetatu hiyo. Kwa kanuni ya Pythagoras inayofundishwa sekondari, 40 kwa 40 ni 1,600 na 117 kwa 117 ni 13,689. Jumla yake ni 15,289, na kipeo chake cha pili ni takriban 124. Kwa hiyo kutoka Bariadi hadi uwanja wa Mwanza ni kilomita 124 angani.

Hesabu hiyohiyo kwa uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ulio karibu na nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki, inatoa takriban kilomita 735.

Kwa barabara mambo ni tofauti. Kutoka Bariadi msafiri hupanda kwanza hadi Lamadi, takriban kilomita 70, kisha hufuata barabara kuu inayopita kando ya ziwa kuelekea Mwanza. Safari nzima inakaribia kilomita 190, yaani mara moja na nusu ya umbali wa angani. Kwenda Dar es Salaam kwa barabara kunazidi kilomita 1,000.

Kutoka umbali kwenda muda wa kuruka

Muda wa kuruka hupatikana kwa kugawanya umbali kwa kasi. Ndege ndogo ya injini moja, kama Cessna Caravan, husafiri kwa takriban kilomita 330 kwa saa. Pilatus PC-12, ambayo hutumika sana kubeba wagonjwa, hufikia karibu kilomita 500 kwa saa. Marubani hupima umbali kwa maili za baharini, na maili moja ya aina hiyo ni kilomita 1.852, mtumishi wa afya anayezungumza nao kwa simu hana budi kuuliza wanatumia kipimo gani.

Kilomita 124 kwa Caravan ni dakika 23, na kwa PC-12 ni dakika 15. Huongezwa dakika kumi hivi za kupaa, kujipanga na kutua, kwani ndege haiendi kwa kasi yake kamili tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Kwa hiyo Bariadi hadi Mwanza kwa PC-12 ni dakika 25, na Bariadi hadi Dar es Salaam ni dakika 100 hivi. Safari ikiwa fupi, dakika kumi hizo huwa sehemu kubwa ya muda wote. Ndiyo maana ndege yenye kasi zaidi haileti faida kubwa kwa mwendo wa kilomita mia moja na ushei.

Saa ya mgonjwa

Saa ya mgonjwa huanza pale hatari inapotambuliwa, na husimama pale matibabu yanayohitajika yanapoanza. Muda wa kuruka ni kipande kimoja tu katikati yake. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua kina mama: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Mgawanyo huo unafaa kwa mgonjwa yeyote wa dharura, na ndege hugusa ule wa pili peke yake.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mgonjwa yuko hospitalini Bariadi na anahitaji upasuaji unaopatikana Mwanza. Ndege ya wagonjwa iko Dar es Salaam, na pana mahali salama pa kutua. Hesabu yake ni hii:

Kuandaa ndege, watabibu na vibali: dakika 60.
Kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Bariadi: dakika 100.
Kumpokea mgonjwa, kumkagua na kumpakia: dakika 30.
Kuruka hadi Mwanza: dakika 25.
Kumshusha na kumfikisha hospitalini: dakika 30.
Jumla: dakika 245, yaani saa 4 na dakika 5.

Gari la wagonjwa lililopo Bariadi lina hesabu fupi zaidi. Kumwandaa mgonjwa dakika 30, kisha kilomita 190 kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa, ambazo ni takriban dakika 165. Jumla ni dakika 195, yaani saa 3 na robo. Gari limefika dakika 50 kabla ya ndege, ingawa ndege ilikuwa angani kati ya Bariadi na Mwanza kwa dakika 25 tu.

Sasa ndege hiyo iwe Mwanza tayari. Maandalizi dakika 60, kuja Bariadi 25, kumpakia 30, kurudi 25, kufika hospitalini 30: jumla ni dakika 170. Ndege imetangulia kwa dakika 25. Je, dakika hizo zinastahili mifugo ya ukoo? Kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo, kwa walio wengi hapana. Swali hilo halina budi kuulizwa kwa sauti, mbele ya familia.

Kwa Dar es Salaam picha inageuka. Ndege inayotoka huko na kurudi huko itatumia dakika 60 za maandalizi, 100 za kuja, 30 za kupakia, 100 za kurudi na labda 45 za foleni hadi hospitalini: jumla dakika 335, yaani saa 5 na dakika 35. Barabara ya zaidi ya kilomita 1,000, kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa, inazidi saa 15. Hapo ndege haina mpinzani.

Kanuni inayotokana na mifano hii ni kwamba swali la kwanza la kuuliza ni "ndege iko wapi sasa hivi?", kabla ya kuuliza "ndege inakwenda kasi gani?". Swali la pili ni saa ya siku. Bariadi jua huchwa karibu na saa 1 jioni, na viwanja visivyo na taa havipokei ndege gizani. Rufaa iliyoamuliwa saa 10 alasiri kwa kutegemea ndege inaweza kugeuka kuwa rufaa ya kesho yake asubuhi. La tatu ni majira. Wakati wa mvua za masika, udongo mweusi wa mbugani hunasa magari kwenye njia za vijijini, na hunasa pia magurudumu ya ndege kwenye kiwanja cha udongo.

Historia inathibitisha umuhimu wa mawasiliano kuliko kasi. Huduma ya madaktari wa ndege ya Australia, iliyoanza mwaka 1928 kwa juhudi za mchungaji John Flynn, ilipata nguvu pale mashamba ya mbali yalipopewa redio za kuitia msaada. Katika Afrika Mashariki, daktari bingwa wa upasuaji Michael Wood na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni Amref, na makao ya ndege zake ni uwanja wa Wilson, Nairobi. Nao pia walitegemea redio. Ndege isiyoitwa mapema huwa imechelewa kabla haijapaa.

Nchini Tanzania, kwa mjamzito, mzazi aliyejifungua na mtoto mchanga, wito huo una namba yake: 115, isiyotozwa malipo, ya mfumo wa m-mama. Mfumo huu ulijaribiwa kwanza Sengerema na mkoani Shinyanga, kisha ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Pale gari la wagonjwa lisipopatikana karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa huitwa na hulipwa na mfumo. Kwa mama aliye kijijini Itilima au Meatu, gari linalofika baada ya nusu saa lina thamani kuliko ndege yoyote.

Ugonjwa usiosubiri usafiri wowote

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili asipotibiwa. Hesabu zilizotangulia zinaonyesha kwamba hakuna njia hata moja kati ya hizo, ya ardhini wala ya angani, inayomfikisha Mwanza kabla ya saa mbili. Maana yake ni nzito: maisha ya mama huyo yanaamuliwa na mkunga aliye kando ya kitanda chake.

Mkunga huyo hupima damu inayotoka badala ya kuikisia kwa macho, huukanda mji wa mimba, hutoa dawa ya oksitosini, hutoa asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, huweka dripu, na huchunguza kondo la nyuma na njia ya uzazi ili kupata chanzo. Hufanya hayo yote kwa pamoja, bila kungoja dawa ya kwanza ishindwe ndipo ajaribu ya pili. Utafiti mkubwa wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba mpangilio huo hupunguza matokeo mabaya ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Usafiri huitwa wakati huohuo, na mkono mmoja hauachi kazi kwa sababu mwingine unapiga simu. Mama husafirishwa akiwa na dripu inayotembea, amefunikwa asipate baridi, na muuguzi yuko kando yake.

Kinachobadilika mwilini ndege inapopaa

Hewa ina uzito, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo shinikizo lake linavyopungua. Katika usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki. Ndani ya ndege kubwa ya abiria shinikizo huongezwa kwa mitambo, lakini halirudishwi hadi kiwango cha pwani: huruhusiwa kushuka mpaka lile la mwinuko wa mita 2,438, yaani futi 8,000, ambalo ni takriban milimita 565. Ndege ndogo zisizo na mitambo hiyo humweka abiria katika hewa ileile inayopita nje ya dirisha.

Kiasi cha oksijeni katika hewa hubaki asilimia 21 popote pale. Kinachopungua ni msukumo wake wa kuingia kwenye damu. Pwani msukumo huo, hewa ikishapata unyevu wa koo, ni karibu milimita 150. Katika mita 2,438 ni karibu 109, sawa na kuvuta hewa yenye asilimia 15 tu ya oksijeni ukiwa pwani. Mtu mwenye afya huona oksijeni ya kidole ikishuka hadi kati ya asilimia 90 na 93 bila kuhisi lolote. Aliyepanda akiwa na asilimia 90 hana akiba hiyo.

Mkazi wa Bariadi ana jambo la ziada la kufahamu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mito ya Simiyu inatiririka kwenda ziwani. Kwa hiyo Bariadi iko juu zaidi ya hapo. Katika mwinuko wa mita 1,200 msukumo wa oksijeni ni karibu 128. Kwa maneno mengine, aliyelala wodini Bariadi amekwisha panda nusu ya ngazi kabla ndege haijawashwa. Namba anayoonyesha kidoleni akiwa kitandani inapaswa kusomwa kwa kukumbuka hilo.

Badiliko la pili linahusu gesi. Shinikizo likipungua, gesi iliyofungiwa hutanuka. Kutoka pwani hadi mita 2,438 gesi huongezeka karibu theluthi moja ya ujazo wake. Kutoka mwinuko wa Bariadi huongezeka karibu sehemu moja kati ya tano. Kwenye utumbo mzima hilo huleta tumbo kujaa tu. Mahali pengine linaweza kuua.

Mfano wa kufundishia utaonyesha namna gani. Mzee wa miaka 58 ameanguka kutoka juu ya lori la pamba. Ana mbavu zilizovunjika, anapumua haraka, oksijeni yake ni asilimia 91. Wanawe wamefika na kusema: "Daktari, ukoo mzima umekwisha kaa. Ng'ombe wapo. Tutafutie ndege." Picha ya kifua inaonyesha hewa iliyovuja kati ya pafu na ukuta wa kifua. Daktari anawakalisha na kuwaeleza: "Wanangu, mnamheshimu mzee wetu, na nia yenu ni njema. Lakini ile hewa iliyomwingia kifuani itavimba akipaa, italibana pafu na kusukuma moyo pembeni. Kwanza tumwekee mpira wa kuitoa. Kazi hiyo tunaifanya hapahapa, leo hii."

Mpira ukishawekwa, oksijeni inapanda hadi asilimia 96 na mzee anaweza kuzungumza. Safari ya Mwanza inafanyika kwa gari, na muuguzi anasafiri naye. Ng'ombe wamebaki zizini. Iwapo angehitaji kwenda Dar es Salaam kwa ndege, angeweza kwenda akiwa na mpira huo, wenye vali ya kutoa hewa bila kuirudisha, na bila kuubana kwa koleo njiani.

Tahadhari kwa watumishi wa afya kabla ya kuruka

Hali zifuatazo zinahitaji uamuzi wa daktari kabla mgonjwa hajapanda ndege.

Hewa kifuani. Isiyotolewa kwa mpira ni katazo. Ikiwa imekwisha kupona yenyewe, abiria wa kawaida hungoja siku 7 baada ya picha kuonyesha imekwisha, au siku 14 kama chanzo kilikuwa jeraha.

Upasuaji wa tumbo. Gesi huweza kutanua utumbo ulioshonwa. Kwa upasuaji mkubwa ni vema kungoja siku 10.

Upasuaji wa jicho uliotumia gesi. Mgonjwa haruki kabisa mpaka daktari wa macho athibitishe kwamba gesi imeisha, kwani kutanuka kwake kunaweza kuleta upofu.

Mfupa uliofungwa plasta, ambayo wengi huiita hogo. Katika saa 48 za mwanzo, kwa safari inayozidi saa 2, plasta ipasuliwe kwa urefu ili mguu upate nafasi ya kuvimba.

Upungufu wa damu. Hemoglobini iliyo chini ya gramu 7.5 kwa desilita inahitaji tathmini, na mara nyingi kuongezewa damu kwanza.

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa yao. Upungufu wa oksijeni na wa maji huzifanya seli zijikunje na kuziba mishipa. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, avae nguo za joto, na asiruke akiwa na maumivu makali au katika siku 10 baada ya hapo, isipokuwa kwa rufaa yenye oksijeni na mtabibu.

Ujauzito. Mimba ya mtoto mmoja isiyo na tatizo inaruhusu kuruka mpaka mwisho wa wiki ya 36. Ya mapacha mpaka wiki ya 32. Baada ya wiki ya 28 mashirika ya ndege hudai barua ya daktari.

Kifua kikuu kinachoambukiza. Mgonjwa hasafiri kwa ndege ya abiria mpaka ithibitike kwamba haambukizi tena. Hili ni kwa ajili ya walioketi jirani naye.

Mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia kwenye koo ana jambo la pekee: puto la mpira huo limejaa hewa, nalo hutanuka. Shinikizo lake likaguliwe baada ya kupaa na baada ya kutua, au lijazwe maji ya chumvi badala ya hewa.

Kukadiria oksijeni ya safari

Mgonjwa anaweza kudhurika njiani kwa kuishiwa oksijeni. Hesabu yake ni rahisi: lita kwa dakika, mara dakika za safari, mara mbili. Kuzidisha kwa mbili ni akiba ya gurudumu linalopasuka, daraja lililofurika au ndege inayozunguka ikingoja kutua.

Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika kwenye barabara ya Mwanza ya dakika 165 anahitaji lita 825. Mara mbili ni lita 1,650. Mtungi mdogo wa aina E uliojaa una takriban lita 680. Kwa hiyo mitungi mitatu ipakiwe, na kila mmoja usomwe geji kabla ya gari kuondoka. Mtungi mmoja, ambao macho huuona unatosha, ungeisha baada ya dakika 136, mgonjwa akiwa bado njiani.

Somo kwa abiria wa kawaida, wa ndege na wa basi

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti kuhusu damu kuganda miguuni kwa wasafiri. Safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, na chanzo kikubwa ni kukaa muda mrefu bila kusogea. Hatari hiyo haibagui chombo: ndege, treni, basi au gari dogo.

Anayetoka Mwanza kwa ndege ya abiria hadi Dar es Salaam huketi kwa saa moja na nusu hivi. Anayetoka Bariadi kwa basi huketi siku nzima. Mtu huogopa ndege na kuliamini basi, ilhali kwa ugonjwa huu basi ndilo lenye hatari zaidi. Aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kuganda damu azungumze na daktari kabla ya safari ndefu ya aina yoyote. Wote wanywe maji, wazungushe vifundo vya miguu kila baada ya muda, na washuke kutembea basi linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma siku au wiki chache baada ya safari, au pumzi ikikata ghafla, mtu aende hospitali siku hiyohiyo na ataje safari yake.

Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala zisiwekwe kwenye mzigo. Insulini hasa isiwekwe chini ya ndege, ambako inaweza kuganda kwa baridi, wala juu ya dashibodi ya basi, ambako huharibiwa na jua.

Hitimisho

Kilomita 124 kati ya Bariadi na Mwanza hazibadiliki, na dakika 25 za kuzivuka angani zinajulikana. Kinachobadilika kutoka mgonjwa hadi mgonjwa ni yale yanayotangulia na yanayofuata dakika hizo: ni nani aliyetambua hatari, alipiga simu saa ngapi, ndege au gari lilikuwa wapi, na mgonjwa aliandaliwa vipi. Mtumishi wa afya anayeweza kuifanya hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi, mbele ya familia, huwaokolea mali yao pasipo na haja ya ndege, na huwapa sababu ya kuitafuta pale inapohitajika kweli.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa yuko Bariadi saa 11 jioni na ndege iko Dar es Salaam. Kwa nini hesabu ya dakika 245 haimfai?
Jibu: Ndege ingefika Bariadi baada ya dakika 160, yaani karibu saa 1 na dakika 40 usiku, jua likiwa limekwisha chwa. Bila kiwanja chenye taa, gari liondoke mara moja.

2. Mgonjwa anatumia oksijeni lita 3 kwa dakika kwa safari ya dakika 165. Ipakiwe mitungi mingapi ya lita 680?
Jibu: 3 mara 165 ni 495, mara mbili ni lita 990. Ipakiwe mitungi miwili.

3. Mama anavuja damu baada ya kujifungua katika kituo cha afya, na ndugu wanaomba asubiriwe ndege. Hatua ya kwanza ni ipi?
Jibu: Kutibu hapohapo kwa hatua zote kwa pamoja, huku mtu mwingine akipiga 115.